Kuomba nyumba ya kaunsili Uingereza: usiisitiri shida yako kwenye fomu

Wengi wanaokuja kwenye meza yetu ya msaada huwa wamekwisha kujaza wenyewe fomu ya nyumba ya kaunsili, yaani serikali ya mtaa, wakangoja, na hawakusikia lolote. Nikiomba kuiona fomu hiyo, mara nyingi nakuta jambo lile lile. Penye swali la hali ya makazi mtu ameandika "nyumba ni ndogo kidogo". Ukienda kwake ni mama na watoto wanne chumba kimoja, ukungu umepanda ukutani mpaka darini, na mtoto mmoja analala na pampu ya pumu chini ya mto. Tumelelewa kusitiri ya ndani. Ukiulizwa hali, unajibu twashukuru Mungu. Ni malezi mema na siyadharau. Lakini ofisa wa nyumba hakujui wewe wala watu wako, na nafasi yako ataipanga kwa kile ulichoandika na ukakithibitisha. Usichokisema hakipo.

Ninayoyaeleza ni ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana sheria zao, na baadhi ya haya hayatawafaa walioko huko.

Kwanza ondoa fikra kwamba hii ni foleni ya benki, aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuhudumiwa. Mwaka 2024 kaya zaidi ya milioni 1.3 zilikuwa kwenye orodha za kaunsili za England, na wapo waliokaa humo miaka mingi huku wengine wakiingia na kupata nyumba mapema. Tofauti ni uhitaji. Sheria ya Nyumba ya 1996 inaitaka kila kaunsili iwe na utaratibu wake ulioandikwa wa kugawa nyumba, na ndani yake makundi fulani lazima yapewe kipaumbele: wasio na makazi, na wale ambao kaunsili ina wajibu kwao kwa sababu hiyo, wanaoishi kwenye msongamano au nyumba mbovu, wenye haja ya kuhama kwa sababu ya afya, ulemavu au ustawi wao, na wanaolazimika kuhamia eneo fulani, ambao wasipohamia wao au jamaa zao watapata madhara. Usome utaratibu wa kaunsili yako kabla ya kugusa fomu. Uko kwenye tovuti yao. Ni mrefu na unachosha, lakini tafuta angalau kurasa zinazoeleza nani anakubaliwa na bendi, yaani madaraja ya uhitaji, zinavyopangwa.

Je, unaruhusiwa kuomba?

Hapa kuna milango miwili, na watu huichanganya. Wa kwanza ni hali yako ya uhamiaji. Raia anaruhusiwa, na aliyepewa ukimbizi au ulinzi wa kibinadamu pia. Mwenye ukaazi wa kudumu kwa kawaida anaruhusiwa, ila kama aliletwa na mtu aliyesaini kumgharimia, miaka 5 ya mwanzo huwa kikwazo. Raia na mwenye ukaazi wa kudumu wanaweza kuulizwa kama makazi yao ya kawaida yako huku kweli, kwa hiyo aliyerudi juzi baada ya kuishi nje asishangae. Mkimbizi haulizwi hilo. Anayesubiri uamuzi wa ombi la ukimbizi hawezi kuingia kwenye orodha ya kaunsili. Makazi yake yanashughulikiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani.

Kama viza yako ina sharti la kutotumia fedha za umma, simama hapo hapo. Nyumba ya kaunsili imo ndani ya fedha za umma, na kuomba bila ushauri kunaweza kukuharibia viza. Kama mwenzako ana haki na wewe una sharti hilo, msijaze kitu mpaka mwanasheria wa uhamiaji au mshauri aliyesajiliwa awatazamie kesi yenu. Nasema haya kwa mkazo kwa sababu wapo jamaa wenye nia njema wanaojazia wenzao fomu sebuleni kwa simu.

Mlango wa pili ni masharti ya kaunsili yenyewe. Tangu Sheria ya Ujanibishaji ya 2011 kaunsili zina uhuru mkubwa wa kuamua nani anafaa kuingia kwenye orodha yao. Nyingi zinataka uwe umeishi eneo lao miaka kadhaa mfululizo, au unafanya kazi hapo, au una ndugu wa karibu hapo. Nyingine zinaangalia akiba uliyonayo, kipato, na deni la kodi ya nyumba. Deni halimaanishi mlango umefungwa moja kwa moja. Ukionyesha mpango wa kulilipa na risiti za malipo ya kila mwezi, kaunsili nyingi hulegeza. Na dada anayekimbia ukatili nyumbani kwake asiogopeshwe na sharti la miaka ya kuishi eneo hilo. Aseme wazi kwamba anakimbia ukatili, hata kama hajawahi kwenda polisi.

Karatasi, na namna ya kuandika

Kusanya hati kabla ya kuanza: pasipoti, namba ya National Insurance (bima ya taifa), vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya Child Benefit (posho ya watoto), mkataba wa upangaji, taarifa za benki, hati za mshahara au za Universal Credit (ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo), na anwani zote ulizoishi miaka 5 iliyopita pamoja na tarehe. Wenye viza ya kielektroniki watatakiwa kutoa namba maalumu kutoka kwenye akaunti yao ili kaunsili ihakikishe hali yao. Tarehe zisipingane. Ukisema ulihamia Machi na benki inaonyesha Juni, fomu itarudi au itakaa.

Sasa maelezo ya shida, ambayo ndiyo moyo wa fomu. Usiandike "tunateseka". Andika hivi: "Tunaishi watu watano kwenye nyumba ya chumba kimoja cha kulala. Mwanangu wa kiume wa miaka 12 analala kitanda kimoja na dada yake wa miaka 9. Mimi na watoto wadogo wawili tunalala sebuleni chini. Chumba kina ukungu, nimemwandikia mwenye nyumba mara kadhaa na barua nimeziambatisha." Hakuna neno la kulalamika hapo, lakini kila sentensi ina jambo ambalo ofisa anaweza kulipima.

Barua ya daktari inayosema tu kwamba mtoto ana pumu haisaidii sana, kwani wenye pumu ni wengi. Barua yenye nguvu inasema ugonjwa ni upi, nyumba hii inauzidishaje, na nyumba ya namna gani ingepunguza madhara. Mwombe daktari ayaandike hayo matatu. Kama daktari wa mtaa hana muda, muuguzi anayemtembelea mtoto, mwalimu wa mahitaji maalumu au mtaalamu wa hospitali anaweza kuandika, na wakati mwingine barua yao ni nzito zaidi kwa kuwa wanamwona mtoto mara kwa mara. Usione haya kutaja msongo wa mawazo, sonona, au mkojo wa kitandani kwa mtoto mkubwa. Najua ilivyo ngumu kuyaandika. Yanasomwa na watu wachache na yanahifadhiwa kwa siri.

Kama unapanga kwa mtu binafsi na nyumba ni mbovu, kaunsili ina maofisa wa afya ya mazingira. Waombe waje kukagua. Ripoti yao ni ushahidi mzito kuliko picha zako kumi, ingawa picha nazo piga, zenye tarehe.

Vyumba vinahesabiwa kwa namna inayowashangaza wengi. Kwa kawaida watoto wawili wa chini ya miaka 10 wanatazamiwa kushiriki chumba hata kama ni wa kike na wa kiume. Baada ya hapo wa jinsia moja tu. Umri wa kijana kuhesabiwa chumba chake unatofautiana. Kuna kaunsili zinazoanzia 16 na nyingine 21. Vilevile ipo sheria ya zamani ya 1985 inayoihesabu hata sebule kuwa chumba cha kulala, mtoto wa chini ya miaka 10 kuwa nusu mtu, na wa chini ya mwaka 1 kutohesabiwa kabisa. Kwa kipimo hicho ni familia chache mno zinazoonekana kusongamana. Ukijibiwa kwamba huna msongamano, uliza kwa maandishi wametumia kipimo gani, maana utaratibu wa kugawa nyumba wa kaunsili yako unaweza kuwa na kipimo kinachokufaa zaidi.

Kusema yote kusikugeuze kusema yasiyokuwepo. Usimwandike shangazi asiyeishi kwako wala usifiche nyumba uliyonayo nje. Kudanganya kwenye fomu hii ni kosa la jinai kwa sheria ile ile ya 1996, na nyumba uliyokwisha kupewa inaweza kuchukuliwa.

Baada ya kukubaliwa

Utapewa bendi, aghalabu A hadi D au E, au pointi. Kaunsili nyingi zina tovuti ambako nyumba zilizo wazi hutangazwa na wewe unabidi, yaani unaonyesha unaitaka. Hailipiwi. Kati ya waliobidi, mwenye bendi ya juu anatangulia, na wakilingana bendi hutazamwa nani alitangulia kwa tarehe. Ushauri wangu hapa ni mmoja: soma matokeo ya wiki zilizopita. Tovuti nyingi huonyesha nyumba ilikwenda kwa bendi gani na mtu wa tarehe gani. Utaona mitaa ambayo huna nafasi kabisa na ile ambayo umekaribia, ubidi huko. Watu wanaobidi nyumba za bustani tu wanapitwa na magorofa ambayo wangeyapata. Angalia pia aina ya kodi, kwani nyumba nyingine za mashirika ya nyumba hutozwa hadi asilimia 80 ya bei ya soko, na hiyo si sawa na kodi ya kawaida ya kaunsili.

Mtoto akizaliwa, ugonjwa ukizidi, ukihama, toa taarifa. Na ile barua ya kila mwaka inayouliza kama bado unataka nyumba usiiache. Majina hufutwa kimya kimya kwa kutoijibu.

Ukikaribia kukosa makazi, hiyo ni njia nyingine

Hapa ndipo ndugu zetu wanapoumia zaidi, kwa kudhani wakiwa kwenye orodha wamekwisha kujulikana. Ombi la mtu asiye na makazi ni ombi tofauti, idara tofauti, na halingoji foleni. Ukiwa katika hatari ya kukosa makazi ndani ya siku 56, kaunsili ina wajibu wa kukusaidia kulizuia hilo. Huo ni wajibu ulioletwa na Sheria ya 2017 ya kupunguza ukosefu wa makazi. Kulala kwa jamaa kwenye kochi nako kunaweza kuhesabika ni kukosa makazi. Ukiwa mjamzito, una watoto wanaokutegemea, umekimbia ukatili, au ni dhaifu kwa ugonjwa au uzee, na kaunsili ina sababu ya kuamini huna pa kulala, lazima ikupe malazi ya muda wakati inachunguza.

Mwenye nyumba akikupa notisi, usifungashe. Kwa mpangaji wa kawaida notisi peke yake haimtoi mtu. Inahitajika amri ya mahakama, na wanaotoa watu ni maofisa wa mahakama. Aliyepanga chumba ndani ya nyumba ya mwenye nyumba mwenyewe ana ulinzi mdogo, na huyo atafute ushauri siku ile ile. Ukiondoka mapema kwa heshima, kwa kutotaka mvutano, kaunsili inaweza kusema umejikosesha makazi kwa kusudi, na hapo wajibu wao unapungua sana. Peleka notisi kaunsili mara tu uipatapo.

Ukikabidhiwa ofa ya mwisho na nyumba haikufai, usikatae kwanza. Kubali, chukua funguo, kisha omba mapitio ya kama inakufaa. Sheria inakuruhusu kufanya yote mawili. Anayekataa akashindwa kwenye mapitio hubaki bila nyumba na bila wajibu wa kaunsili.

Mkalimani ni haki yako kumwomba, na usimfanye mtoto wako akutafsirie mambo ya ukatili au ugonjwa. Ushauri wa bure upo Shelter, Citizens Advice na vituo vya sheria. Kaunsili nayo inapaswa kuhakikisha msaada wa bure wa kuomba unapatikana kwa anayepata shida kuomba mwenyewe. Hakuna mtu, awe wa msikitini, kanisani au wa ukoo, anayeweza kukuuzia nafasi kwenye orodha. Anayekuomba pesa kwa hilo anakuibia.

Ukikataliwa au kupewa bendi ya chini, uliza sababu kwa maandishi na uombe mapitio. Kwa maamuzi ya ukosefu wa makazi una siku 21 kuanzia siku uliyojulishwa. Kwa orodha ya kawaida kila kaunsili ina muda wake, na umo kwenye barua. Tunza bahasha na baruapepe ili uweze kuonyesha siku ulipoipokea, na kwenye mapitio ambatisha kitu kipya, kwa mfano barua ya daktari iliyoandikwa upya au ripoti ya ukaguzi.