Usipande kwa mvua ya jirani: pima unyevu wa shamba lako kwanza

Mvua ya kwanza ya Machi ikinyesha jioni huko Molo, milimani mwa kaunti ya Nakuru, kesho yake asubuhi utakuta watu wa Rongai, Solai na Mbaruk, kule bondeni, wako shambani na mbegu za mahindi. Wiki moja baadaye jua limerudi na kukaza, mbegu zimetoa mzizi nusu zikakaukia ardhini, na mkulima yuko dukani akinunua pakiti nyingine kwa pesa za karo. Hasara hii hurudi msimu baada ya msimu, na inaepukika. Kulima, kulainisha udongo na kuchagua mbegu mnajua, kwa hiyo hatutakaa hapo. Tatizo ni siku ya kupanda.

Mvua ya mlimani si mvua ya bondeni. Mchana jua hupasha moto miteremko ya Mau upande mmoja na ya Bahati upande mwingine. Hewa hupanda kufuata miteremko hiyo na mawingu hujikusanya juu ya milima, huku katikati ya bonde hewa ikishuka na anga kubaki wazi. Ndiyo maana mtu wa Rongai husikia ngurumo za Mau jioni nzima na asipate tone. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, mji wa Nakuru karibu mita 1,850. Tofauti hiyo peke yake hulifanya bonde liwe na joto zaidi kwa nyuzi 4 hivi, na maji hukauka upesi zaidi. Halafu kuna tofauti ya udongo: juu kule ni mweusi, mzito, unashika maji; lakini Mbaruk, Gilgil na sehemu za Solai ni majivu ya volkano na changarawe nyepesi. Mvua ileile inayomtosha mkulima wa Elburgon, kule mlimani, haimtoshi wa Mbaruk, hata ikinyesha kote kwa usiku mmoja.

Mwanzo wa masika nao una vurugu zake. Kimbunga kikijikita kati ya Madagaska na Msumbiji, huvuta unyevu wa Bahari ya Hindi ukaenda kusini badala ya kuja kwetu. Machi 2019, Kimbunga Idai kilipopiga Msumbiji, Kenya ilikaa kavu na masika yakachelewa. Ukisikia redioni kuna kimbunga upande huo, mbegu ikae ghalani hata kama jana usiku kulinyesha.

Sasa sikiliza vizuri kinachoua mbegu. Udongo mkavu kabisa hauiui. Mbegu ya mahindi hulala humo ikingoja. Udongo wenye maji ya kutosha hauiui. Kinachoiua ni unyevu wa nusu. Mbegu hunyonya maji mpaka kufikia karibu theluthi moja ya uzito wake, inaamka, inatoa mzizi, na mzizi huo ukikuta vumbi chini yake safari imekwisha. Haiwezi kurudi kulala. Siku ya jua kali ya Machi inaweza kukausha milimita 5 za maji, na manyunyu ya milimita 8 yaliyokufurahisha Jumatatu huwa yamekwisha kabla ya Alhamisi.

Kwa hiyo pima. Si kwa macho, si kwa harufu ya udongo, na si kwa kumtazama jirani aliyetangulia.

Tafuta mkebe wenye kuta zilizonyooka, ulio na upana sawa juu na chini. Wa maziwa ya unga unafaa. Ufunge juu ya kigingi mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti au nyumba hiyo. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile ambayo vituo vya hali ya hewa husoma vipimo vyao, tumbukiza rula, andika milimita kwenye daftari, kisha mwaga maji. Usipomwaga, kesho utajumlisha mvua ya jana na utajidanganya mwenyewe. Unachotafuta ni jumla ya milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu zinazofuatana. Kwenye udongo mwepesi wa bondeni, ngoja ifike 30.

Mkebe peke yake hautoshi, kwa sababu mvua ya kishindo hutiririka juu ya ardhi ngumu na kwenda zake. Chimba. Chagua sehemu nne katika kila ekari, si kando ya ua wala chini ya mti. Chimba shimo la sentimita 30, kata ukuta wake wima kwa panga, na uangalie mahali rangi inapobadilika kutoka nyeusi hadi ya vumbi. Pima kutoka juu hadi kwenye mstari huo. Sentimita 20 au zaidi katika mashimo matatu kati ya manne: panda. Chini ya 15: rudi nyumbani. Ikiwa katikati, chukua udongo wa kina cha sentimita 15 na uufinye kiganjani. Donge likishikana na kubaki zima unapolirusha juu kidogo na kulidaka, unyevu upo. Likivunjika, ngoja mvua nyingine.

Jambo la tatu ni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa wa siku saba, si ule wa msimu. Wengi huchanganya hizi mbili. Utabiri wa Machi hadi Mei hukuambia msimu unaelekea kuwa wa mvua nyingi au chache, haukuchagulii siku. Ule wa siku saba ndio unaoonyesha kama mvua ya pili inakuja. Ukisema kutakuwa kukavu wiki nzima, na kipimo chako ni milimita 22, usipande bondeni.

Mlimani hesabu ni tofauti kidogo. Mkulima wa Molo au Kuresoi anayetumia mbegu za kundi la 600, zinazochukua miezi sita hadi minane kukomaa, hawezi kungoja mpaka mwisho wa Aprili. Huyo anaweza kupanda kwenye udongo mkavu kabla ya mvua, lakini uwe mkavu kweli, na mbegu ishuke sentimita 7 hadi 8 ili manyunyu madogo yasiifikie. Kwenye udongo uliolowa, 5 zinatosha. Kupanda sentimita 3 kwenye vumbi ni kuzialika ndege na jua pamoja.

Mbolea nayo huunguza zaidi udongo unapokauka. Kwa mistari iliyoachana sentimita 75 na mashimo yaliyoachana sentimita 50, mbegu mbili kila shimo, gunia moja la kilo 50 la DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, kwa ekari ni karibu gramu 5 kwa shimo, yaani kifuniko kimoja cha soda kisichofurika. Funika mbolea kwa udongo wa sentimita 5 kabla ya kuweka mbegu. Tunaendelea kukuta mbegu imelazwa juu ya DAP yenyewe. Acheni.

Kama ulishapanda kwa mvua ya uongo, siku ya kumi fukua mashimo kumi sehemu mbalimbali. Mbegu ngumu isiyovimba bado ni hai. Yenye mzizi mweusi uliosinyaa imekufa. Mvua ikirudi, ngoja miche ichomoze, kisha hesabu mita 10 za mstari: kwa nafasi hiyo unatarajia miche 40. Ukipata 30 na zaidi, acha. Kati ya 20 na 30, ziba mapengo ndani ya siku saba tangu miche ichomoze. Baada ya hapo miche mipya hufunikwa na mikubwa na haizai kitu. Chini ya 20, panda upya shamba lote, na bondeni tumia mbegu ya miezi minne au mitano iliyoidhinishwa kwa mwinuko wa eneo lako.

Unapopanda upya usinunue DAP nyingine. Fosforasi haisafiri mbali udongoni, bado iko pale ulipoiweka. Fungua shimo jipya sentimita 5 kando ya lile la zamani na mizizi itaifikia. Miche ikichomoza yote pamoja kati ya siku ya 7 na ya 10, umefaulu. Bondeni, anza palizi ya kwanza wiki ya tatu, magugu yakiwa bado madogo, maana ndiyo yanayokunywa maji yale uliyoyangojea.