Usisome uso wake, muulize: kuishi na ndugu mwenye skizofrenia

Siku tulizika nyanya yetu kule Maseno, kakangu, ambaye ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kufanya uso usionyeshe hisia, alikaa kwa kiti ya plastiki uso mkavu kabisa, hakutoa hata chozi, mashangazi wakaanza kunong'ona ati huyu hana huruma. Usiku nikamkuta jikoni amekunja leso ya nyanya ikawa kadogo, ameishika kifuani. Nikamuuliza, unaumia? Akasema sana, toka asubuhi.

Kwa hivyo hapo ndio pa kuanzia, usisome uso, uliza. Mtafiti Ann Kring na wenzake Marekani miaka ya 1990 waliwaonyesha wagonjwa wa skizofrenia filamu fupi, nyuso zao hazikubadilika sana lakini walipoulizwa walisema wamehisi furaha ama huzuni kama tu watu wengine. Swali liwe ndogo. Ukisema "unajiskiaje" atakuangalia tu, ila "hii imekuudhi?" anaweza kujibu, alafu nyamaza, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo, juu jibu linachelewa na ukirudia rudia swali unamvuruga. Na wewe pia sema yako wazi, "nimechoka, sijakukasirikia", maana wengi wao hata kusoma uso wa mwingine ni kazi. Akikwambia anataka kufa usingoje kesho, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kitu ingine watu hawajui, uso mgumu wakati mwingine ni dawa, haswa zile za zamani kama haloperidol. Angalia kama anaburuza miguu, mikono haitikisiki akitembea, mate yanamtoka, andika uende nayo kliniki, daktari anaweza kupunguza dozi ama kubadilisha. Tafadhali msiache dawa wenyewe tu hivo, ugonjwa unarudi.

Wale mashangazi ongea nao mapema kabla ya matanga ama harusi, na uwaambie ukweli, utafiti wa kina George Brown kule London ulionyesha mgonjwa akirudi kwa nyumba ya lawama kila saa ugonjwa unamrudia kwa urahisi kuliko wengine.

Kutoka nje aanze polepole. Kibuye, lile soko kubwa la Kisumu, Jumapili ni umati na makelele, sisi tulienda Jumanne asubuhi, nikampa kazi moja, apange nyanya mafungu kwa kibanda, kuita wateja aniachie mimi. Tulipofika mwezi wa tatu wa kwenda hivyo, mama mmoja akamuuliza bei, nikauma ulimi nisijibu, akakaa, akakaa, akasema hamsini mama, na hizi ndio zimeiva.