Ruta za watengenezaji wawili: kagua itifaki, kisha MTU

Kabla ya kuunganisha ruta ya Cisco na ya Juniper, hakikisha kwamba zote mbili zinatumia itifaki ya uelekezaji iliyo wazi kwa wote, kama OSPF toleo la 2, iliyoelezwa katika hati ya viwango vya intaneti RFC 2328 ya mwaka 1998, badala ya EIGRP, ambayo ilibuniwa na Cisco. Namba ya eneo la OSPF, nywila, kipindi cha salamu na kipindi cha kungoja kabla ya kumhesabu jirani kuwa amepotea, ambavyo kwenye Ethernet kwa kawaida ni sekunde 10 na 40, navyo vilingane pande zote.

Linalosumbua zaidi, hata kwa mafundi wazoefu, ni MTU, yaani ukubwa wa juu kabisa wa pakiti, kwa baiti, unaoruhusiwa kupita. Kwenye kiolesura cha Ethernet, Cisco IOS, mfumo endeshi wa ruta za Cisco, huhesabu pakiti ya IP peke yake na kuandika 1500, ilhali Juniper hujumlisha baiti 14 za kichwa cha fremu na kuandika 1514. Kwa hiyo anayenakili 9000 pande zote mbili huwa ameweka vipimo viwili tofauti, na ruta hizo jirani hukwama katika ExStart, hatua ya OSPF ya kuanza kubadilishana taarifa za njia, ingawa waya ni mzima na ping (pakiti za kujaribu mawasiliano) ndogo zinajibiwa. Upande wa Juniper andika 9014, kisha jaribu ping ya ukubwa kamili isiyoruhusiwa kukatwa vipande.