Jinsi ya kuandaa orodha sahihi ya wawakilishi wa Ufaransa nchini Korea

Usianze na majina, anza na dola. Korea waliyopelekwa Wafaransa si moja: kuna ufalme wa Joseon, kisha Himaya ya Korea iliyotangazwa Oktoba 1897, kisha koloni la Japani kuanzia 1910, na baada ya 1948 Korea mbili. Chora jedwali la safu sita: jina, cheo, dola, tarehe ya kuteuliwa, ya kufika kituoni na ya kuondoka. Tarehe tatu zinachosha kujaza, lakini ukizibana ziwe moja utajikuta na watu wawili kwenye kiti kimoja, maana zama za meli mtu aliyekwisha kuteuliwa Paris alikuwa bado baharini wiki nyingi baadaye.

Wengi hukosea mstari wa kwanza. Mkataba wa urafiki na biashara ulitiwa saini Seoul tarehe 4 Juni 1886, na aliyesaini kwa niaba ya Ufaransa ni François-Georges Cogordan. Huyo alikuwa mjumbe wa kujadili mkataba tu, hakuwa mkuu wa kituo. Mweke kwenye tanbihi. Hati za uidhinisho zilibadilishanwa 30 Mei 1887, na mwakilishi mkazi wa kwanza, Victor Collin de Plancy, akafika Juni 1888 akiwa na cheo cha kamishna wa serikali.

Ukisoma hati za Kikorea za miaka hiyo, angalia kalenda kabla ya kunakili. Korea ilianza kutumia kalenda ya jua tarehe 1 Januari 1896; kabla ya hapo ilihesabu kwa kalenda ya mwezi. Kwa hiyo mkataba uleule wa 4 Juni 1886 utaukuta umeandikwa siku ya 3 ya mwezi wa 5. Ukiandika 3 Mei umekosea kwa mwezi mzima, na kosa hilo huenea haraka kwa kunakiliana.

Collin de Plancy mpange kwenye herufi C, si P, na usimchanganye na baba yake Jacques, mwandishi wa kamusi ya mashetani. Mpe mistari miwili, kwa sababu alikaa mara mbili: 1888–1891, na 1896–1906. Katikati yupo Hippolyte Frandin, 1892–1894. Pengo linalofuata lisiachwe tupu: tazama nani alisaini barua za kituo miezi hiyo, umwandike kama kaimu.

Safu ya cheo inahitaji uangalifu kuliko zote. Kwa Kiswahili tumezoea kumwita kila mmoja "balozi", na hapo ndipo orodha nyingi zinapoharibika. Kituo cha Seoul kilikuwa legesheni, daraja la chini ya ubalozi kamili, na mkuu wake wa juu kabisa aliweza kuwa waziri mwenye mamlaka kamili, yaani cheo cha kidiplomasia kilicho chini ya balozi, si waziri wa serikalini. Japani ilipolazimisha mkataba wa kuiweka Korea chini ya ulinzi wake tarehe 17 Novemba 1905, mambo ya nje ya Korea yakahamia Tokyo. Mwaka 1906 legesheni ikafungwa, ikabaki konseli kuu, yaani ofisi ya ubalozi mdogo. Wanaofuata hapo ni makonseli, na kuanzia 1910 safu ya dola isomeke Japani.

Ufaransa iliitambua Jamhuri ya Korea, yaani Korea Kusini, mwaka 1949. Georges Perruche, aliyekuwa mwanadiplomasia wake Seoul, alikamatwa na majeshi ya Kaskazini mwaka 1950 akaachiwa 1953. Usimwandike kama aliyeondoka kituoni kwa hiari. Ongeza neno "mateka" kwenye mstari wake. Balozi kamili wa kwanza ni Roger Chambard, aliyeanza 1959.

Kwa nyaraka zenyewe, wizara ya mambo ya nje ya Ufaransa ina hifadhi mbili: ya Nantes hutunza zilizorudishwa kutoka vituoni, na ya La Courneuve hutunza mawasiliano ya wizara. Linganisha pande zote mbili.

Pyongyang ifungulie jedwali lake. Ufaransa haina uhusiano wa kibalozi na Korea Kaskazini. Ilichofungua huko mwaka 2011 ni ofisi ya ushirikiano. Kwenye safu ya cheo andika "mkuu wa ofisi".