LEGO ya ukubwani: kutoka kilo ya mitumba hadi mlango wa Mji Mkongwe

Tangu mwaka 2020 LEGO, kampuni ya Billund huko Denmark, imekuwa ikichapa alama ya 18+ kwenye masanduku ya seti zake za watu wazima. Meli ya Titanic, seti namba 10294, ina vipande 9,090 na urefu wa sentimita 135. Ni kazi nzuri kwa mwenye nafasi na fedha, lakini seti ina mwisho wake: ukifika ukurasa wa nyuma wa kitabu cha maelekezo, imebaki kufuta vumbi. Anayetaka kujenga vitu vyake mwenyewe anahitaji rundo la vipande, na njia nafuu ya kulipata ni kununua vilivyotumika, kwa kilo. Vipimo vya kuunganisha havijabadilika tangu muundo wa tofali ulipoombewa hataza tarehe 28 Januari 1958, kwa hiyo umri peke yake si kasoro.

Kununua

Mfuko wa matofali huuzwa kwa sura ya vipande vya juu. Usikubali. Mimina vyote kwenye kitambaa, au chota gao moja kutoka chini kabisa. Kwenye kila kinundu (kitufe cha juu kinachoshikana na kipande kingine) cha tofali halisi kuna neno LEGO kwa herufi ndogo zilizoinuka. Chukua vipande ishirini bila kuchagua. Vitano vikikosa jina, robo ya mfuko si LEGO, na bei ishuke hivyo. Vipande vya kampuni nyingine vinaweza kushikana na vya LEGO, ila vingi hulegea au hubana kupita kiasi, na ukuta mrefu unapinda bila wewe kujua kosa liko wapi.

Tofali la vinundu 2x4 lina uzito wa takriban gramu 2.3. Kilo moja ya mchanganyiko wa kawaida huwa na vipande kati ya 600 na 800. Ikiwa kilo imejaa DUPLO, matofali makubwa ya LEGO ya watoto wadogo, hesabu hiyo inaanguka, kwa sababu tofali la DUPLO ni mara mbili kila upande na unalipia uzito wa vipande vichache. Magurudumu makubwa na pleti za msingi hula mizani vilevile. Vinavyofaa kulipiwa zaidi ni pleti nyembamba (vipande bapa vyenye vinundu juu), vigae (vipande visivyo na vinundu juu), matofali yenye kinundu ubavuni, na vijitu vyenye sura iliyochapwa vizuri. Alama za meno hazitoki kwa dawa yoyote. Harufu ya sigara hutoka, kwa kuosha zaidi ya mara moja.

Kuosha

Tenga kwanza vitu visivyooshwa: mota, taa, vikasha vya betri, na vipande vyenye stika. Tenganisha matofali yaliyoshikana, maana uchafu hukaa katikati yao. Tumia kitenganishi cha plastiki, namba 96874, ambacho mara nyingi ni cha rangi ya machungwa na huja ndani ya seti nyingi kubwa. Kisu huacha makovu kwenye kingo. Meno nayo yana kazi nyingine.

Weka vipande kwenye mfuko wa wavu, uzamishe katika maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 za Selsiasi yenye sabuni laini ya vyombo, loweka nusu saa, tikisa, kisha suuza hadi povu liishe. Maji ya moto hupinda plastiki, na tofali lililopinda kidogo halionekani kwa jicho, ila ukuta utaliona. Mashine ya kufulia haifai kwa sababu hiyohiyo, na pia kwa kuwa vipande hugongana hadi kung'aa kunapotea. Wino wa kalamu hufutwa kwa pamba yenye spiriti, si kwenye picha zilizochapwa. Thina na asetoni ya kutolea rangi ya kucha ni mwiko: huyeyusha ABS, plastiki ambayo matofali haya yametengenezwa kwayo tangu miaka ya 1960.

Kaushia kivulini juu ya taulo, feni ikipuliza, vinundu vikitazama juu ili maji yatoke ndani. Ukanda wa pwani wenye unyevunyevu unaweza kudai siku mbili nzima. Ukifunga ndoo mapema, utakuta harufu ya ukungu. Kama maji yako ni ya chumvi au chokaa, yataacha madoa meupe. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au yaliyochujwa.

Vipande vyeupe na vya kijivu vilivyogeuka njano vimechomwa na mwanga, na sabuni haina la kufanya hapo. Vitie kwenye chupa ya kioo yenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, uiweke juani, na uvigeuze kila saa moja au mbili kwa kuwa viputo huviinua juu. Kifuniko kiwe kimelegea, maana gesi inatoka. Siku moja au mbili za jua kali hutosha. Usifanye hivyo kwa vipande vilivyochapwa picha. Wala usiving'arishe vyote: njano hiyo tutaihitaji kwenye ukuta chini huko.

Kuchambua

Kosa la karibu kila anayeanza ni kupanga kwa rangi. Sanduku la vipande vyekundu vya maumbo mia linapendeza kwenye picha, lakini jaribu kutafuta kigae kimoja chekundu humo. Jicho huona rangi tofauti mara moja ndani ya umbo moja. Kuona umbo tofauti ndani ya rangi moja huchukua muda. Kwa hiyo panga kwa umbo. Mzunguko wa kwanza uwe wa mafungu machache: matofali, pleti, vigae, vipande vya mteremko, Technic (vipande vya mitambo, kama gia), vijitu na vifaa vyao, na fungu la "sijui". Fungu likiwa kubwa mno kupata kitu kwa kupekua mara moja, ligawe. Pleti hugawanyika mapema zaidi: 1x1, 1x2, na zilizobaki. Gawa kwa rangi mwishoni tu, kwa vile ulivyo navyo kwa mamia.

Rangi mbili zinahitaji macho makali. Mwaka 2004 kampuni ilibadilisha kijivu, kikawa na dalili ya bluu; ukichanganya cha zamani na kipya ukuta unapata viraka ambavyo taa ya chumbani huvificha na mwanga wa dirishani huvifichua. Ya pili ni kahawia nyekundu. Vipande vingi vya rangi hiyo vilivyotengenezwa katika miaka ya 2000 na mwanzoni mwa ile ya 2010 ni vikavu na hupasuka ukivivuta. Vitumie mahali ambapo havitang'olewa tena.

Vinavyokosekana huagizwa kimoja kimoja kwenye BrickLink, soko la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2000 na kununuliwa na LEGO mwaka 2019. Tafuta kwa namba ya umbo, ambayo mara nyingi imechapwa kwa tarakimu ndogo chini ya kipande. Majina ya rangi ya BrickLink si yale ya LEGO, hivyo linganisha kabla ya kulipa. Nauli ya kutoka ng'ambo huwa kubwa kuliko vipande vyenyewe: subiri orodha ijae, kisha tafuta duka moja lenye vitu vingi vya orodha hiyo, hata kama bei yake ya kila kipande iko juu kidogo. Programu yao ya bure, Studio, hukuwezesha kujenga kwenye kompyuta kwanza na kutoa orodha ya vipande yenyewe.

Hesabu inayofungua milango

Kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya kingine ni milimita 8. Tofali lina kimo cha milimita 9.6, pleti 3.2, yaani pleti tatu ni tofali moja. Pleti tano zikipandana ni milimita 16, sawasawa na upana wa vinundu viwili. Na matofali matano yakipandana ni milimita 48, sawa na vinundu sita.

Hapo ndipo ujenzi wa mtu mzima unapoachana na wa mtoto: unaweza kulaza kipande ubavu na bado kikae sawa na ukuta. Kinachokwamisha wengi ni tofali la 1x1 lenye kinundu ubavuni, namba 87087. Kinundu hicho hakiko katikati ya kimo. Kiko milimita 4 kutoka juu na 5.6 kutoka chini. Ukipandanisha matofali hayo moja kwa moja, vinundu vya ubavuni vinaachana kwa milimita 9.6 na hakuna pleti itakayovishika viwili. Weka pleti mbili katikati yake: 9.6 na 6.4 ni 16, na pleti inaingia bila kulazimishwa.

Mlango wa Mji Mkongwe

Tuchukue mlango wa Zanzibar wa kichwa bapa: mbao mbili, mfaa (mti wa wima unaofunika mshono wa mbao) katikati, misumari ya shaba. Kwa kimo cha kijitu cha LEGO, mlango wa milimita 48 unatosha. Vipande vyake ni 37:

- pleti 1x4 (3710), 7
- tofali 1x1 lenye kinundu ubavuni (87087), 6
- tofali 1x2 la kawaida (3004), 3
- pleti 4x6 (3032), 1, ya kahawia iliyoiva
- pleti 1x2 yenye kinundu kimoja katikati (15573), 6, za kahawia
- kigae 1x6 (6636), 1, cha kahawia
- pleti ya duara 1x1 (4073), 12, za rangi ya dhahabu
- kigae 1x4 (2431), 1, cha kizingiti

Kiini hujengwa kuanzia chini: pleti mbili za 1x4, kisha safu ya tofali, yaani 87087 kila mwisho na 3004 katikati. Rudia mara tatu. Mfuatano huu usiugeuze. Ukianza na tofali badala ya pleti, mlango utaning'inia milimita 6.4 chini ya mahali pake. Pleti moja ya 1x4 inabaki.

Pamba ubao ukiwa mezani, si ukiwa umeshasimama, ili ubonyeze kwa nguvu. Simamisha pleti ya 4x6 kwa urefu wake. Kwenye nguzo mbili za vinundu vya kati panga pleti sita za 15573, moja kila mstari. Vinundu vyake vinajipanga katikati kabisa, na juu yake kigae cha 1x6 kinakuwa mfaa. Nguzo za pembeni jaza pleti za duara, sita kila upande. Sasa bandika mgongo wa ubao kwenye vinundu sita vya kiini. Ukibaki na mwanya upande mmoja, kuna 87087 iliyogeuka. Iwekwe sawa, isibanwe.

Ukuta una unene wa vinundu viwili na nafasi ya upana wa vinundu vinne. Kiini kinakaa safu ya nyuma, ubao unajaza safu ya mbele. Tatizo linalomtesa kila mtu ni sakafu: ubao unafika hadi chini kabisa, na vinundu vya pleti ya msingi mbele yake vinauinua. Dawa ni kulaza kigae cha 1x4 safu ya mbele na ile pleti iliyobaki chini ya kiini. Vyote vina kimo kimoja, na kigae kinakuwa kizingiti. Kwa kuwa umepanda pleti moja, kuta za pembeni nazo zianze na safu ya pleti, kisha matofali matano. Juu funga kwa tofali la 2x8 (3007), vinundu viwili vikiegemea kila upande wa ukuta. Ukipima, uso wa mlango uko ndani ya ukuta kwa milimita 1.6, na mfaa umetokeza nje kwa kiasi hichohicho.

Ukuta wenyewe ndiyo mahali pa yale matofali yaliyonjanoka. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ya kale haina weupe wa dukani. Changanya meupe safi, yenye njano na machache ya rangi ya mchanga, bila mpangilio, na hakikisha kila kiungo kinafunikwa na tofali la safu inayofuata. Ukitaka kurekebisha mfaa baadaye, usiung'oe kwa ukucha kutoka mwisho mmoja: kigae kirefu cha kahawia hupinda na kukatika. Ingiza ncha bapa ya kitenganishi ubavuni, inua kidogo, sogea mbele.

Mlango mkubwa wa ghala unafuata hesabu ileile: matofali kumi, vinundu kumi na viwili, milimita 96. Pleti ya 4x12 (3029) moja kwa kila ubao, mfuatano wa kiini mara sita badala ya tatu, na mfaa wa vigae viwili vya 1x6 ukipita juu ya mshono wa mbao mbili. Hapo pleti za 15573 zitavuka mshono huo, kinundu kimoja kila ubao, na ndizo zitakazozishika mbao zisiachane.