Umefanyiwa oparesheni ya roboti tumboni? Chunga henia

Watu wanadhani juu matundu ya kuingiza mikono ya roboti, ile daktari anaiongoza, ni madogo basi wiki moja uko sawa, hapana. Mengi huwa kama milimita 8 hivi, lakini mara nyingi kuna moja wamelipanua, sanasana karibu na kitovu, ndio watoe kile wamekata, na hapo ndio utumbo hupenda kujisukuma nje kupitia msuli uliokatwa, hiyo ndio henia. Mamangu alirudi Kisumu kutoka India baada ya oparesheni kama hiyo, wiki ya tatu nikampata huko Kondele ameinua mtungi wa lita 20 wa maji, hizo ni kilo 20 jameni! Usiinue kitu kizito mpaka daktari akuruhusu, wengi husema wiki 6 hivi. Ukitaka kukohoa ama kupiga chafya finyilia mto tumboni, kunywa maji na ule papai ndio usijikaze chooni.

Kidonda kikishapona, uwe unasimama, unakohoa kidogo vidole vikiwa juu ya kovu, ukisikia kitu kinatokeza na ukilala kinarudi, enda kliniki wiki hiyohiyo. Lakini uvimbe ukikataa kurudi, uwe mgumu na unauma sana, unatapika, hata hewa ya tumbo haitoki chini (hujambi), usiusukume kwa nguvu, usikule kitu, tafuta gari uende hospitali kubwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.