Fomu 8606: usilipie kodi mara mbili fedha za IRA

Somo hili ni la wanaofanya kazi Marekani na wana IRA ya kawaida (akaunti binafsi ya kustaafu), ambao mwaka fulani waliambiwa kipato chao kimepanda mno na mchango wao wa IRA hautapunguza kodi. Wengi huchangia hivyo hivyo, kisha wakasahau. Fedha hiyo imeshalipiwa kodi kupitia mshahara, kwa hiyo siku ya kuitoa haitakiwi kulipiwa tena. Tatizo ni nani atakayekumbuka. Kampuni inayotunza akaunti haijui kama ulidai punguzo au hukudai. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, nao wanajua kile tu ulichowaandikia. Unachowaandikia ni Fomu 8606, iliyotokana na mabadiliko ya sheria ya kodi ya 1986, na humo ndani mstari wa kuulinda kuliko yote ni wa 14.

Hatua ya 1: Hakikisha mchango wako kweli haupunguzi kodi

Chukua W-2 yako, fomu ya mshahara anayokupa mwajiri, tazama kisanduku cha 13. Kama pana alama kwenye mpango wa kustaafu, basi kipato kinaanza kuhesabiwa. Kwa mwaka wa kodi 2025, asiye na ndoa hupata punguzo lote kipato chake kikiwa hadi dola 79,000, likipungua taratibu mpaka kuisha kabisa kwenye 89,000. Wanandoa wanaofaili pamoja, kwa yule mwenye mpango kazini, ni kati ya 126,000 na 146,000. Kama mpango anao mwenzako na wewe huna, ni kati ya 236,000 na 246,000. Ukiwa hapo katikati, mchango unagawanyika: sehemu inapunguza kodi, iliyobaki inaingia kwenye 8606.

Kiwango cha juu cha kuchangia mwaka 2025 ni dola 7,000, au 8,000 kwa aliyefikisha miaka 50. Mwaka 2026 ni 7,500 na 8,600.

Hatua ya 2: Jaza Sehemu ya Kwanza ya fomu

Kama mwaka huo hukutoa chochote wala hukuhamishia Roth (IRA inayochangiwa fedha zilizokwisha kulipiwa kodi), kazi ni ya dakika chache. Mstari wa 1 ni mchango wa mwaka huu usiopunguza kodi. Mstari wa 2 ni msingi, yaani jumla ya michango ya namna hiyo kutoka miaka ya nyuma. Unaunakili kutoka mstari wa 14 wa 8606 yako ya mwisho, hata kama hiyo ya mwisho ni ya miaka sita iliyopita. Jumlisha, andika mstari wa 3, kisha peleka jumla hiyo moja kwa moja mstari wa 14. Ulikuwa na 14,000, ukaongeza 7,000, sasa msingi wako ni 21,000.

Mchango wa 2025 unaruhusiwa hadi Aprili 15, 2026. Ukichangia Februari, iambie kampuni waziwazi ni wa mwaka gani, la sivyo wataupeleka mwaka mpya na karatasi zako hazitalingana. Pia, wanandoa hawajazi fomu moja. Kila mtu ana IRA yake na 8606 yake, hata kama ritani ni ya pamoja.

Kiasi hicho hicho kisionekane tena kwenye Jedwali la 1 la fomu 1040 (ritani yenyewe ya kodi), mstari wa 20. Hapo ni pa wanaodai punguzo.

Hatua ya 3: Mwaka wa kutoa fedha

Hapa ndipo watu wanapoumia. Kampuni itakutumia 1099-R, taarifa ya fedha ulizotoa. Mara nyingi kisanduku cha 2a kina kiasi kile kile cha kisanduku cha 1, na chini yake, kwenye 2b, pana alama ndogo inayosema kiasi cha kutozwa kodi hakijabainishwa. Maana yake wanakuambia: hesabu ni yako. Ukiinakili 2a kama ilivyo, utalipia kodi kila dola.

Tuseme msingi wako ni 21,000. Mwaka huu umetoa 10,000, na Desemba 31 IRA zako zote za kawaida, pamoja na SEP na SIMPLE (IRA za kupitia mwajiri au biashara) kama unazo, zina 60,000. Jumlisha 60,000 na 10,000, upate 70,000. Gawanya 21,000 kwa 70,000: ni 0.30. Kwa hiyo katika zile 10,000, dola 3,000 hazina kodi na 7,000 zina kodi. Kwenye 1040 unaandika 10,000 mstari wa 4a na 7,000 mstari wa 4b. Mstari wa 14 unashuka kuwa 18,000, na huo ndio wa kuanzia mwaka mwingine utakapotoa.

Huwezi kusema "mimi natoa zile zangu zilizolipiwa kodi kwanza." Kufungua akaunti ya pembeni kwa ajili ya michango hiyo hakusaidii pia, maana fomu inazihesabu zote kwa pamoja.

Hatua ya 4: Tunza

Hifadhi kila 8606, pamoja na ukurasa wa kwanza wa 1040 ya mwaka huo, 5498 (taarifa za michango kutoka kampuni ya akaunti) na 1099-R za kutoa, mpaka dola ya mwisho itoke. Ushauri wa "karatasi za kodi tupa baada ya miaka mitatu" hapa hauna kazi. Ukibadilisha programu au mtayarishaji wa kodi, mpe 8606 ya mwisho mkononi, kwa sababu mtayarishaji mpya huanza na sifuri kwenye mstari wa 2 usipomwambia. Mimi naona kosa hili linagharimu watu kuliko faini zote za fomu hii zikijumlishwa.

Maswali ya wanachama

*Houston: Shikamoo mwalimu. Nilichangia 2019 hadi 2022 na sikujaza 8606 hata moja. Nimepoteza?*

Marahaba. Hujapoteza. Jaza 8606 ya kila mwaka ukitumia toleo la mwaka husika, ukianzia 2019, ili mstari wa 14 uingie mstari wa 2 wa mwaka unaofuata. Fomu ina nafasi ya kusaini kwa ajili ya kutumwa peke yake. Faini ya kutoipeleka ni dola 50 kwa kila fomu, na husamehewa ukiwa na sababu ya msingi. Kama 5498 zimepotea, omba taarifa ya mishahara na mapato kutoka IRS, 5498 zimo. Hakikisha pia ritani za miaka hiyo hazikudai punguzo, maana kuandika msingi mkubwa kuliko ulio wa kweli kuna faini yake ya dola 100.

*Muuguzi, Minneapolis: Kaka, kipato changu kimezidi kikomo cha kuchangia Roth, nikaweka 7,000 IRA ya kawaida na kuzihamishia Roth wiki hiyo hiyo. Mbona programu inanitoza?*

Dada, nadhani una IRA nyingine uliyohamishia fedha za 401(k) (mpango wa kustaafu wa mwajiri) ya kazi ya zamani. Tuseme Desemba 31 ilikuwa na 63,000. Jumla ni 70,000, msingi ni 7,000, uwiano 0.10. Katika ulizohamisha, 700 tu hazina kodi na 6,300 zinatozwa. Msingi wa 6,300 unabaki kwenye mstari wa 14, haujafa. Kwa miaka ijayo, uliza kama 401(k) ya kazi yako ya sasa inapokea fedha zisizolipiwa kodi kutoka IRA. Zikihamia huko kabla ya Desemba 31, hazimo tena kwenye hesabu.

*Doha: Nina uraia wa Marekani, mshahara wangu wote nauondoa kwenye kodi kwa msamaha wa kipato cha nje. Nichangie tu na kujaza 8606?*

Hapana. Kipato ulichokiondoa hakihesabiki kama kipato cha kuchangia IRA. Ukishachangia, hiyo ni ziada inayotozwa asilimia 6 kila mwaka hadi uiondoe. Mwenzako akiwa na mshahara wa kutosha unaotozwa kodi, na mkifaili pamoja, unaweza kuchangia IRA yako kwa kutegemea mshahara wake.

*Mama mmoja, Columbus: Mume wangu alifariki, nimerithi IRA yake. Kulikuwa na 8606 kwenye faili lake.*

Pole sana, mama. Usilitupe faili hilo. Msingi wake unarithiwa pamoja na akaunti. Ukiifanya IRA hiyo kuwa yako, mstari wa 14 wake unaungana na wako. Ukiiacha kama ya urithi, unaihesabu kwenye 8606 ya peke yake, mbali na IRA zako. Tafuta ile ya mwaka wa karibuni kabisa. Kama ilijazwa sawasawa, za nyuma yake ni ushahidi tu.